Kinga ya mapine matatu: njia yetu kutoka Mashamba hadi sokoni



Wengi wenu mmeiona kinga yetu ya mapine matatu ikipita na magunia, na wengi mmetusimamisha njiani kuuliza imenunuliwa wapi. Haikununuliwa. Juma hili tunawatembeza pale ilipotoka: kwenye njia zetu za upande wa Mashamba, kwa wauza mitrai, kwa Papa Fundi, na mwisho kwenye ule mkutano ambao bado unaongelewa.

Mgeni akisikia jina Mashamba hudhani atakuta mahindi. Anakuta shimo. Mashamba Est, Mashamba Ouest, na jirani yao Dikuluwe, ni mashimo ambayo Gécamines iliyachimba zamani kutafuta shaba na kobalti. Mwaka 2008 yakagawanywa: Mashamba Est ikabaki upande wa KCC, Mashamba Ouest na Dikuluwe zikaingia katika mkataba na makampuni ya China uliozaa Sicomines. Sisi tunaokaa karibu hatuyajui mashimo hayo kwa ndani. Tunayajua kwa uzio, kwa king'ora, kwa vumbi jekundu linaloanza mwezi wa tano na kukaa juu ya sahani hadi mvua ya kwanza. Mashamba ya kweli, yale ya mahindi na mihogo, yamesukumwa mbali, na mwenye kulima mbali hubeba mbali.

Anayebeba ni nani? Hebu simama asubuhi kwenye njia inayotoka Kapata kuingia mjini, uhesabu. Wanaume wanapita na kinga. Wamama wanapita na vichwa. Nyuma ya mama kuna msichana wa miaka kumi au kumi na miwili, naye ana karai au bido ya lita 20, yaani kilo 20 juu ya shingo ambayo bado inakua. Sisi tunaofundisha tunaiona hesabu hiyo hiyo katika daftari la mahudhurio. Siku za soko kubwa, saa ya kwanza ya somo, upande wa wavulana viti vimejaa. Upande wa wasichana kuna nafasi. Wanaingia saa ya pili, wamechoka, wamelowa jasho, na hakuna mwalimu mwenye moyo wa kuwaadhibu, kwa kuwa anajua unga aliokula jana ulipita juu ya kichwa cha nani.

Mtu atasema: si mnunue kinga? Kinga ya kawaida kwa mzigo ni kazi ya mwanaume mwenye mabega. Mmewaona wale wa makala kwenye barabara ya Likasi. Wanapanga magunia mpaka kinga haionekani, wanafunga fimbo moja kwenye gidoni na nyingine nyuma ya kiti, halafu wanaisukuma kwa miguu kilomita kwa kilomita. Hawaipandi hata kidogo. Kazi kubwa pale si kusukuma, ni kuizuia isianguke. Ikianguka, mtu mmoja peke yake haiinui. Anakaa kando ya barabara akingoja mwingine apite. Sasa mfunge mama mtoto mgongoni, umpe kazi hiyo, uone.

Basi likelemba yetu, sisi wamama kumi na sita, ilianza kufikiri juu ya kitu chenye kusimama chenyewe. Kwanza tulikwenda kuuliza zile pikipiki za mizigo zenye mapine matatu zinazotoka China. Ni nzuri, hatukatai. Lakini malipo ya kwanza yalikuwa makubwa kuliko sanduku letu, mafuta yanataka pesa kila siku, na muuzaji mwenyewe alituuliza swali la kwanza kabla ya mengine yote: "Dereva wenu ni nani?" Alimaanisha kijana gani. Tukatazamana. Tungelipa sisi, na funguo ingekaa mfukoni mwa mwingine.

Jibu lilitoka kwa mmoja wetu ambaye hakusema neno siku hiyo yote. Ni mama wa makala, polio ilimshika miguu tangu utoto, na anatembea kwa kinga ya kupedali kwa mikono. Alisema: "Ninyi mnatafuta kitu ambacho mimi nimekikalia." Tulicheka, kisha tukanyamaza.

Maana kweli, katika Kongo hii, wenye ulemavu ndio waliotutangulia katika jambo hilo. Pale Kinshasa, kwenye bandari ya Ngobila, kwa miaka mingi walikuwa wakivuka mto kwenda Brazzaville na kurudi na bidhaa juu ya vigari vya mapine matatu, kwa sababu tangu enzi za Mobutu walipata nafuu ya nauli na ushuru. Kule Goma, kwenye mpaka mdogo wa kwenda Rwanda, na Uvira kwenye njia ya Burundi, imekuwa hivyo hivyo: kigari kimetanuliwa, mwenyewe amekaa juu, mizigo imemzunguka, na vijana wanasukuma kwa malipo. Hata wanamuziki wa Staff Benda Bilili, waliojulikana Ulaya tangu mwaka 2009, walikuwa wakipiga muziki mitaani Kinshasa wakikaa juu ya mapine matatu yaliyotengenezwa kwa vipande vya pikipiki. Na tukiwa bado Goma, kuna chukudu, ile kinga ya mbao isiyo na pedali, inayobeba viazi na makaa kutoka milimani. Mji umeijengea sanamu katikati ya barabara. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichongoja kiwanda.

Tukaenda kwa wauza mitrai. Kwa watoto wanaosoma hapa: mitrai ni vyuma vilivyokwisha kazi. Kolwezi ni mji wa mitrai kuliko mji mwingine wowote tunaoujua, kwa kuwa mgodi hula vyuma kama sisi tunavyokula bukari. Tulipita mitaa ya Manika kwa miguu siku mbili, tukiwa wanne, na tulichokipata ni hiki. Pikipiki mbili zilizokufa kwa ajali, injini zimeshauzwa, lakini magurudumu ya nyuma yako hai. Mwili wa kinga moja ya zamani, ile nzito. Kitanda cha chuma chenye pembe nzuri zilizonyooka. Kipande cha mpira mnene wa ule mkanda unaosafirisha mawe mgodini, uliokatwa na kuuzwa kama zulia. Na rulema, vile vidude vya mviringo vyenye gololi ndani vinavyofanya kitu kizunguke bila kusaga, vinne, vimetolewa katika vigogo vya mkanda huo huo.

Pale pale kijana mmoja alituita pembeni. Alikuwa na mabomba mapya, yanang'aa, kwa bei ya chini ya nusu. Mama wetu mmoja, mkubwa kuliko sisi wote, akamuuliza: "Mwanangu, bomba hili limeruka uzio au limepita mlangoni?" Hakujibu. Tukaondoka. Si kwamba sisi ni watakatifu. Tumeona mtu akipelekwa polisi kwa sababu ya chuma alichokinunua, si alichokiiba, na sanduku la likelemba haliwezi kulala kituoni. Kila kipande tulichochukua kina karatasi yenye jina la muuzaji na kidole chake, na karatasi hizo ziko kwa mtunza sanduku.

Papa Fundi anafanya kazi chini ya mwembe nyuma ya lupango lake. Yeye ni mtoto wa Gécamines. Baba yake alikuwa mmoja wa wale zaidi ya elfu kumi walioondoka kazini mwaka 2003 katika ule mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, na vifaa vingi vilivyo chini ya mwembe ule vilikuwa vya mzee. Alitusikiliza, kisha akafanya jambo ambalo hatukulitegemea. Hakupima vyuma. Alitupima sisi. Alimwambia mama mfupi kuliko wote abebe gunia la kilo 25 za unga na aliweke juu ya tofali, halafu juu ya matofali mawili, halafu matatu, mpaka akaona pale ambapo mgongo unapinda vibaya. Kitanda cha mzigo kikawekwa kimo hicho: sentimita 45 kutoka chini. Upana ukawa sentimita 80, kwa kuwa mlango wa lupango mwembamba kuliko yote katika kikundi una sentimita 90.

Tuliuliza mengi, kwa kuwa mwalimu hawezi kukaa kimya mbele ya mtu anayejua kazi yake. Kwa nini magurudumu ya pikipiki na si ya kinga? Alieleza kwamba kinga ikikata kona inalala upande, hivyo uzito unashuka daima katikati ya gurudumu. Chombo cha mapine matatu hakilali. Kwenye kona uzito unasukuma gurudumu kwa ubavu, na zile nyuzi nyembamba za chuma za gurudumu la kinga hazikuumbwa kwa ubavu. Zikishika mzigo wa kilo mia, siku moja gurudumu linajikunja kama sahani ya bati. La pikipiki ni nene, nyuzi zake ni fupi na nono. Tena lina freni yake ndani ya kitovu, ambayo haijali matope. Na kila gurudumu alilishika pande zote mbili, kulia na kushoto, kama lilivyoshikwa kwenye pikipiki yake, si kulichomeka upande mmoja tu kama kwenye toroli.

Gurudumu la kulia peke yake ndilo linalovutwa na pedali. La kushoto linafuata tu. Tulidhani ni ubahili. Kumbe kwenye kona gurudumu la nje hukimbia njia ndefu kuliko la ndani, na ukiyafunga yote mawili kwa pamoja, moja lazima liburute ardhi. Gari lina kifaa cha kutatua jambo hilo. Sisi tuna gurudumu moja linalolala usingizi, na inatosha.

Sehemu tuliyoipenda zaidi ni minyororo, kwa kuwa ipo miwili. Alipojaribu mara ya kwanza alifunga pedali moja kwa moja kwenye gurudumu la pikipiki. Kupanda kukawa kugumu, na kushuka kukawa hatari, maana gurudumu la pikipiki halina kile kimashine kinachoziacha pedali zitulie. Zilizunguka zenyewe na kumpiga kijana wake kwenye mifupa ya miguu. Ndipo akaweka ekseli fupi katikati, chini ya kiti. Mnyororo wa kinga unatoka kwenye meno 44 ya pedali hadi kwenye meno 20 ya nyuma ya kinga, yenye kimashine hicho. Kwenye ekseli hiyo hiyo kuna meno 14 ya pikipiki, na mnyororo wa pikipiki unakwenda hadi meno 42 ya gurudumu. Tuliwapa wanafunzi wa darasa la sita hesabu hii ubaoni: 44 gawanya kwa 20, mara 14, gawanya kwa 42. Jibu linakaribia 0.73. Yaani ukizungusha pedali mara moja, gurudumu halimalizi hata mzunguko mmoja, chombo kinasogea kama mita moja na nusu ukipunguza kidogo. Ni polepole. Mtu anayetembea vizuri hauachi mbali naye. Lakini kilima kinapandika. Msichana mmoja ambaye siku za soko huchelewa ndiye aliyepata jibu wa kwanza, na aliuliza kama anaweza kwenda kuhesabu meno mwenyewe.

Umeme ulikatika siku tatu katikati ya kazi, fundi akawa hawezi kuunganisha chuma. Watoto wetu wanafundishwa kwamba mabwawa ya Nzilo na Nseke yako kwenye Lualaba yetu hii hii, na kwamba waya mkubwa kutoka Inga, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,700, unafika Kolwezi tangu mwaka 1982. Waya huo unaonekana vizuri sana kutoka chini ya mwembe.

Siku ya nane tuliitoa barabarani. Tulipakia bido nane za maji, kilo 160, kwa kuwa maji yakimwagika si hasara kama unga. Mama mfupi ndiye aliyepanda. Kwenye tambarare, vizuri. Kwenye mteremko alivuta freni, na magurudumu mawili yakashika sawa, kwa sababu waya za pande zote mbili zimefungwa kwenye kijiti kimoja kinachogawa nguvu katikati. Kwenye njia iliyoinama upande, kule ambako malori yamechimba mfereji, aliinuka kidogo upande mmoja na sote tukapiga kelele. Hapo fundi alitufundisha kanuni mbili: kitu kizito kikae chini na mbele ya magurudumu ya nyuma, na kwenye mfereji ushuke usukume. Juu ya kilima alifunga kindoano kinachoshika freni, akashuka, akashusha bido moja moja, peke yake, bila kumwita mtu. Chombo kilimngoja. Tunakiri kwamba pale ndipo wengine walipofuta macho.

Jumla ya gharama haikufika hata malipo ya kwanza ya ile pikipiki ya dukani. Daftari liko wazi kwa kila mwanamemba.

Sasa yale ya mkutano. Juma la pili tu, vijana wawili walikuja na ombi. Wanachimba, na wanahitaji kitu cha kufikisha magunia yao njiani kuelekea soko la madini la Musompo. Kwa siku moja ya kukodi walitaja pesa ambayo mama wa sombe anaipata kwa siku sita. Wengine wetu walisema: tuchukue, kwa mwezi mmoja tunatengeneza ya pili. Si wazo la kijinga. Wenye kulisema wana watoto waliofukuzwa shule kwa ajili ya malipo.

Lakini chombo hiki kinabeba unga. Mnakumbuka Kasulo, ambako tangu mwaka 2014 watu walichimba kobalti ndani ya malupango yao, chini ya vitanda vyao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walikwenda pale, na mwaka 2018 wakachapisha walichokiona: watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti katika mkojo nyingi kuliko watu wa mtaa usio na machimbo, na nyingi hata kuliko watu wazima wa hapo hapo. Mtoto anacheza chini, anaweka mkono mdomoni, vumbi linaingia. Mawe ya Katanga tena yana urani kidogo ndani yake, kila mzee wa Gécamines anajua. Ukibeba gunia la madini leo na gunia la unga kesho juu ya mpira ule ule, utaufagia kwa ufagio gani?

Tuliongea tangu saa nane hadi giza. Kulikuwa na maneno makali, hatutayaandika hapa. Mama wa makala, yule wa polio, alisema kwamba kinga yake ya mikono iliwahi kuombwa hivyo hivyo, na siku iliporudi haikuwa yake tena. Ilikuwa ya wenye kuikodi, na yeye aliipata pale walipochoka. Tulipiga kura kwa mbegu za maharagwe ndani ya kikopo. Tisa zilikataa madini, saba zilikubali. Sisi tunaoandika tulikuwa kati ya zile tisa, na tungeweka mbegu ile ile tena. Lakini saba kwa tisa si umoja, na wale saba ni dada zetu ambao kila Ijumaa wanahesabu pesa ambayo haikuingia. Mkutano ulikubali jambo moja kwa pamoja: mwisho wa msimu wa mvua hesabu isomwe upya mbele ya wote.

Kwa sasa utaratibu ni huu. Jumatatu na Alhamisi kinga inabeba unga na mahindi. Jumanne ni makala, na jioni mpira unaoshwa. Jumatano na Jumamosi ni sombe, samaki na vitu vya soko. Ijumaa ni maji, kwa wenye wagonjwa au watoto wachanga kwanza. Jumapili inapumzika, na Papa Fundi anaangalia minyororo. Funguo ya kufuli inakaa kwa mama wa zamu, si kwa mume wake, si kwa kaka yake. Anayetaka kujifunza kuiendesha afike uwanja wa shule Jumamosi saa kumi, avae kitenge kisicho kirefu sana, maana mnyororo hauheshimu kitambaa.

Ombi moja: gurudumu la mbele bado ni la kinga, na limeanza kuyumba. Mwenye kujua pikipiki iliyokufa yenye gurudumu dogo la mbele, na muuzaji aliye tayari kuweka kidole kwenye karatasi, amwambie mtunza sanduku kabla ya mvua.